Kijana Wako Anataka Kuimba: Mkataba Wake Ameusoma Nani?

 

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Kiislamu, za mwambao na za bara, liko jambo ambalo likitajwa sebuleni huondoa ladha ya chakula. Kijana aliyesoma madrasa hadi akahitimu, aliyekuwa akiongoza kasida siku za Maulidi na mtaa mzima ukaisifu sauti yake, anawaambia wazazi wake kuwa anataka sauti hiyo iwe ndiyo kazi yake ya kumpatia riziki. Baba hufoka, au hunyamaza kimya kilicho kizito kuliko kufoka. Mama hulia. Mjomba huitwa kuja kusema naye. Na aghalabu mazungumzo hayo huishia katika neno moja tu, halali au haramu, kila upande ukashika lake, kisha kijana akachukua begi lake akaondoka.

Leo tunakusudia kulitazama jambo hili kwa upande ambao haupewi nafasi yake. Uimbaji, kwa wale walioufanya, umekuwa ni kazi kama kazi nyingine: ina mwalimu, ina ujira, ina mikataba, na ina mirathi. Na kijana anayefukuzwa nyumbani kwa ajili ya muziki haachi muziki. Kinachomtoka ni mzazi wa kumsomea karatasi anayotiwa mkononi aitie saini.

Kabla hatujafika huko, ni wajibu tuseme neno kuhusu hukumu, maana msomaji wa ukurasa huu hatatusamehe tukiliruka. Wanazuoni wamekhitilafiana. Wengi wa mafakihi wa madhehebu manne, na miongoni mwao Mashafii ambao ndio wengi katika pwani yetu, wamezizuia ala nyingi za nyuzi na za kupuliza, na wakaruhusu dufu katika harusi na sikukuu. Hoja yao kubwa ni hadithi iliyomo katika Sahih ya Imam Bukhari, inayowataja watu watakaokuja kuzihalalisha ala za muziki pamoja na zinaa na pombe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliona kuwa isnadi ya hadithi hiyo imekatika, naye akaruhusu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake kuzungumzia usikilizaji, akapambanua hali na hali, nia na nia. Na wote wanaijua hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Mtume (S.A.W.) akiwa humo humo, na wote wanajua kuwa Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini ili asome mashairi yake. Kwa mwanamke anayeimba mbele ya wanaume wasio maharimu zake, wengi wamekuwa wakali zaidi.

Hatukukaa hapa kutoa fatwa. Anayetaka hukumu ya jambo lake na amwendee sheikh anayemwamini, aende na kijana wake mkononi, wasikilize wote wawili. Tunachosema ni kwamba hukumu, iwe ni ipi, haimwondolei mzazi wajibu wa kujua mwanawe yuko wapi, anafanya kazi na nani, na amesaini nini.

ALIYEUZA VYUNGU AKAFIKA BOMBAY

Hakuna mfano ulio karibu nasi zaidi kuliko wa Siti binti Saad. Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watumwa, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 alikuwa tayari ni msichana mkubwa. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvibeba kwa miguu hadi mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuisikiliza hata wasiohitaji chungu. Mwaka 1911 akahamia mjini.

Hapa ndipo tunapotaka vijana wasimame kidogo. Wengi wanaoisimulia habari yake huruka kutoka kwenye vyungu hadi kwenye santuri, kana kwamba sauti peke yake ilimpandisha meli. Sivyo. Siti alijifunza. Alipata mwalimu kutoka katika watu wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Zanzibar mwaka 1905 na ambacho wanachama wake walikuwa wanaume watupu. Taarabu yenyewe ilikuwa imefika kisiwani kwa njia ya mafunzo: Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim hadi Cairo akajifunze kanuni na muziki wa Kimisri, kisha arudi kufundisha wengine. Taarabu ya kasri ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti alijifunza namna hiyo ya uimbaji, kisha akaiimba kwa Kiswahili, lugha ambayo mpishi na mchukuzi waliielewa sawa na tajiri.

Jambo la pili ni kwamba hakuwa peke yake. Aliandamana na kundi lake: Subeit bin Ambari kwenye udi, Mbaruk aliyepiga fidla, Buda bin Mwendo, na Maalim Shaaban aliyekuwa akiimba pamoja naye. Waliimba katika majumba ya matajiri na mbele ya Sultani, na pia waliimba Ng'ambo, nyumbani kwake, kwa watu wasio na cha kutoa isipokuwa masikio. Nyimbo zao zilizungumza habari za mtaa na dhuluma za mahakama. Watu waliokuwa wakimdharau kwa nasaba yake walimtungia maneno ya kumkumbusha alikotoka, na yeye akajibu kwa maneno vilevile, katika fani. Jina la Siti, ambalo ni la heshima kwa bibi wa kiungwana, likamkaa hadi la kwanza likasahauliwa.

Mwaka 1928 kundi hilo lilisafiri kwa meli hadi Bombay, wakarekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Tukumbuke sahani ya santuri ya siku zile ilikuwa na nafasi ya kama dakika tatu hivi kwa upande mmoja, na taarabu ya barazani huweza kwenda robo saa bila ya mtu kutazama saa. Kwa hiyo mwimbaji alilazimika kupunguza, achague beti zipi zibaki. Hii nayo ni sehemu ya kazi: chombo kipya hudai namna mpya ya kutunga, na aliyezoea kushangiliwa usiku kucha hujikuta akihesabiwa sekunde. Sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, hesabu ambayo hakuna aliyeitarajia kwa lugha ya Kiswahili. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, aliyezungumza naye uzeeni mwake, akaandika wasifu wake, na mpaka leo kitabu hicho ndicho mlango wa kwanza wa kumjua.

Sasa msomaji ajiulize swali tunalojiuliza sisi. Sahani ikiuzwa Mombasa au Dar es Salaam, fedha zilikwenda wapi? Mwimbaji wa zama zile aliishi kwa kutuzwa, yaani noti anayowekewa mkononi au kifuani na msikilizaji aliyeguswa, na kwa malipo ya harusi na hafla. Tuzo ni jambo zuri, nasi hatulikatai, lakini tuzo humfuata mtu akiwa amesimama anaimba. Siku akiugua, hafuatwi kitandani. Sahani, kwa upande wake, huendelea kuimba mwenyewe akiwa amelala, na mwenye sahani ndiye anayevuna.

Bi Kidude, aliyeitwa kwa jina lake Fatuma binti Baraka, na ambaye nyimbo nyingi za Siti zilibaki hai kwa sauti yake, alijulikana Ulaya na Asia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ambayo ni heshima kubwa katika muziki wa mataifa. Hata hivyo aliendelea kuishi maisha ya kawaida kabisa Unguja, akitengeneza hina na wanja kwa mikono yake na kuuza, na akiwafunda wasichana unyago. Wako wanaolitaja hilo kwa masikitiko. Sisi tunaona limebeba mambo mawili. Moja ni la kusikitisha kweli, kwamba sifa za dunia nzima hazikumtosha mtu kustaafu. La pili ni la hekima: hakuuacha mkono wake mwingine. Katika vikundi vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club kilichoanza mwaka 1958, tangu zamani wapigaji wengi wamekuwa na kazi zao za mchana, na jioni hukutana kwa mazoezi. Kijana anayeambiwa kuwa msanii wa kweli huacha kila kitu anadanganywa, na mara nyingi anayemwambia hivyo ana duka.

KARATASI

Tunamjua kijana mmoja, na jina lake tunalihifadhi. Alikuwa mwimbaji wa kasida katika madrasa moja ya mkoani Tanga, sauti yake ya kupendeza mno. Alipomwambia baba yake nia yake, aliambiwa achague: nyumba au nyimbo. Akachagua nyimbo, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi, akashukia Dar es Salaam kwa mwenye studio ambaye hatutamtaja. Akapewa godoro, chakula na simu. Siku ya tatu akaletewa karatasi za Kiingereza, kurasa nyingi, akaambiwa kuwa ni utaratibu tu. Hakuwa na wa kumpigia. Akasaini.

Wimbo wake wa tatu ulipendwa. Ulichezwa redioni, kwenye mabasi, kwenye harusi, na watu wakaufanya mwito wa simu zao. Alipouliza malipo yake alionyeshwa hesabu: godoro, chakula, simu, saa za studio, mavazi ya picha, nauli ya mpiga picha. Vyote hivyo vilikuwa ni deni juu yake, na wimbo ulikuwa bado unalipa deni. Alipotaka kuondoka akaambiwa kuwa bado ana miaka saba, na kwamba nyimbo alizokwisha kurekodi, na jina analotumia jukwaani, si vyake. Hapakuwa na wizi wowote hapo mbele ya sheria. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Wazazi wetu, tuzingatie: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kuzungumzia uandishi wa madeni. Imeamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na imeagiza kuwa kama mwenye deni ni dhaifu au hawezi kuimlisha mwenyewe, basi walii wake aimlishe kwa uadilifu. Huyo walii ni nani, kama si wewe? Kijana wa miaka kumi na tisa aliye mbele ya mwanasheria wa kampuni ni dhaifu katika jambo lile, hata akiwa na misuli na sauti.

Na katika Suratul Qasas tunasimuliwa mkataba wa kazi wa Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan. Muda ulitajwa: miaka minane. Nyongeza ilitajwa: akitimiza kumi, ni kwa hiari yake. Malipo yalijulikana. Mzee akasema hataki kumtia mashakani. Mafakihi walipoandika milango ya ijara walishikilia hapo hapo, kwamba kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane, na mkataba wenye giza katika mambo hayo wakauita gharari. Tukiichukua mizani hiyo tukapima karatasi zinazozunguka katika studio zetu, ngapi zitasimama?

Tuseme basi, kwa lugha nyepesi, mambo ambayo mzazi anapaswa kuyatafuta ndani ya karatasi hizo. Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na lahani, na mwenyewe ni aliyetunga. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile studio, ambayo wenyewe huiita masta. Mtu anaweza kuuza moja akabaki na nyingine. Anayesaini kuwa ametoa "haki zote" ametoa zote mbili, na mara nyingi hajui kuwa zilikuwa mbili. Utunzi, kwa rai yetu, usiuzwe. Afadhali kijana alipe saa za studio kwa fedha za kuuza samaki kuliko kulipa kwa utunzi wake.

Kisha atazame lile linaloitwa malipo ya awali. Vijana hulipokea kwa takbiri, wakidhani ni zawadi ya kampuni. Ni deni, litakatwa katika mapato ya nyimbo kabla kijana hajaona senti, na gharama nyingine za kampuni zikawekwa juu yake. Si haramu kukopa. Lakini anayekopa na ajue kuwa amekopa, na ajue ni nani anayeshika daftari la hesabu na ni lini ataruhusiwa kulikagua. Mkataba usio na kifungu cha kukagua hesabu ni mkataba wa kumwamini mtu, na aliyetaka kuaminiwa asingeleta mwanasheria.

Muda nao utajwe kwa miaka. Wako wanaoandika idadi ya albamu badala ya miaka, na kampuni ndiyo inayoamua albamu itoke lini, kwa hiyo albamu tatu zinaweza kuwa miaka kumi. Meneja anayechukua asilimia 15 au 20 yuko katika kawaida ya kazi hii duniani, lakini asilimia ya nini? Ya kinachobaki baada ya gharama, au ya kila kinachoingia? Maneno machache hapo hutofautisha nyumba na kibanda.

Na liko jambo la zama hizi ambalo wazee hawalioni kwa kuwa halina karatasi kabisa. Nyimbo siku hizi husikilizwa kwa simu, katika YouTube, Boomplay, Spotify na kadhalika. Malipo ya kila usikilizaji ni madogo sana, hukusanyika kwa wingi tu, na hulipwa kwa mwenye akaunti. Muulize mwanao: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nywila anayo nani? Tumeona mabishano ambayo hakuna hakimu aliyehitajika kuyakata, maana mwenye nywila aliibadilisha usiku, asubuhi msanii akawa mgeni katika nyimbo zake.

Wanapokuwa wengi waliotunga pamoja, mmoja maneno, mwingine lahani, wa tatu mdundo, wakubaliane mafungu yao siku ile ile ya kurekodi, waandike katika karatasi moja, kila mtu asaini, na kila mtu aondoke na nakala. Wimbo ambao haujapata kitu hauna mgogoro. Ukishapata, kila mtu hukumbuka kuwa alitunga nusu.

Serikali zetu zina sheria katika mambo haya. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotungwa na kunaswa au kuandikwa, haisubiri kusajiliwa, lakini aliyesajili ana ushahidi mkononi siku ya ugomvi, na asiyesajili atabaki akiapa. Kusajili si gharama ya kumshinda mtu anayenunua mavazi ya jukwaani.

Wenye vikundi vya kasida nao wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Kasida hurekodiwa na kuuzwa, na huchezwa harusini na redioni katika mwezi wa Ramadhani. Tunawajua walimu wa madrasa waliotunga kasida zinazoimbwa Afrika Mashariki nzima, na ambao hawajawahi kupata hata nauli ya daladala kutokana nazo, kwa sababu walioziuza walidai kuwa kazi ya dini hailipwi. Wao wenyewe waliziuza kwa fedha taslimu! Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimlipe. Haikusemwa hapo kuwa mtunzi wa kasida ameondolewa.

ALIYEACHA AKIWA JUU

Itakuwa si uadilifu tukawataja waliojenga kazi hii tusimtaje aliyeiacha. Yusuf Islam alizaliwa London mwaka 1948, baba yake akiwa Mgiriki wa Cyprus na mama yake Mswidi, na akajulikana ulimwenguni kwa jina la Cat Stevens. Alikuwa nyota kabla ya kutimiza miaka ishirini. Akaugua kifua kikuu akalazwa kwa miezi, akatoka akiwa na maswali mengine. Kaka yake akampa nakala ya Qur'an, na mwezi Desemba 1977 akasilimu. Albamu yake ya mwisho kwa jina la zamani ilitoka mwaka 1978, kisha akajitenga na muziki wa aina ile kwa muda unaokaribia miaka thelathini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisikia kauli zinazotofautiana kuhusu hukumu ya muziki, akaona salama yake ni kujiepusha.

Watu wengi hapa kwetu huitaja habari hii kama hoja ya kumnyamazisha kijana. Wanasahau sehemu yake ya kati. Nyimbo alizotunga kabla ya kusilimu ziliendelea kuchezwa na ziliendelea kumlipa, kwa kuwa haki zake zilihifadhiwa. Kutokana na mali yake alianzisha shule ya Islamia huko London mwaka 1983, na mwaka 1998 shule hiyo ikawa miongoni mwa shule za kwanza za Kiislamu nchini Uingereza kupata ruzuku ya serikali. Mwaka 1995 alitoa kazi ya kusimulia maisha ya Mtume (S.A.W.), na mwaka 2006 akarudi na albamu yenye ala, jambo lililowafurahisha baadhi ya Waislamu na kuwachukiza wengine. Aliyekuwa na haki zake mkononi aliweza kuacha alipotaka kuacha, na kurudi alipoona kuwa inafaa. Yule kijana wetu wa Tanga, akitaka kesho kutubu na kuacha, hataweza hata kuzuia nyimbo zake zisitumike kutangaza bia.

Hilo la bia si la mzaha. Katika kazi hii kijana huulizwa mambo ambayo muuza duka haulizwi. Promota anataka onyesho liwe kwenye baa. Tamasha linadhaminiwa na kampuni ya pombe. Taarabu ya harusi huanza baada ya Isha na ikafika karibu na Alfajiri, na anayerudi nyumbani saa kumi usiku ana dakika chache za kuamua kati ya kitanda na udhu. Mwimbaji anaweza kuandika katika mkataba wake kuwa haimbi mahali pa pombe, na kuwa picha na sauti yake hazitumiki kutangaza ulevi wala kamari. Kifungu kama hicho ni halali mbele ya sheria yoyote tunayoijua. Lakini huandikwa na mwenye nguvu ya kusema hapana, na nguvu hiyo hutokana na kuwa na pa kurudi.

Ndiyo maana tunawaambia akina baba: unaweza kukataa, na una haki ya kukataa, na unaweza kumwambia mwanao kila siku kuwa huliridhii jambo lake. Lakini mlango uache wazi, na umwambie kuwa karatasi yoyote kabla ya kuisaini ailete nyumbani. Muipeleke kwa mwanasheria. Kama hamna uwezo wa kumlipa, vipo vituo vya msaada wa kisheria mijini, na zipo ofisi za hakimiliki tulizozitaja. Mlete ami yake anayejua Kiingereza. Kaeni nayo usiku mmoja, mbili, tatu. Kampuni inayosema isainiwe leo leo imekwisha jieleza.

MIRATHI

Limebaki jambo moja, nalo linawagusa hata wale ambao hawana mwimbaji katika nyumba zao, wenye mzee aliyewahi kutunga au kuandika. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali kwa mtazamo wa sheria ya Kiislamu, zina thamani, na haifai kuzidhulumu. Kwa kuwa ni mali, zinaingia katika tirka ya marehemu pamoja na nyumba, shamba na fedha, na kugawanywa kwa mafungu yanayojulikana. Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, umeweka kiwango cha chini cha ulinzi wa utunzi kuwa ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Hata hivyo tumehudhuria vikao vingi vya mirathi, na ndani yake tumesikia zikihesabiwa sufuria na vitanda. Nyimbo, kasida na tenzi za marehemu hatujasikia zikitajwa hata mara moja. Warithi hawajui zilirekodiwa wapi, nani ana karatasi, wala nani anapokea. Mtunzi aliye hai na aorodheshe kazi zake, aandike kila moja aliitunga na nani na aliirekodi wapi, na aweke nakala za mikataba pamoja na hati ya kiwanja. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kwa hesabu hiyo ya miaka 50, wimbo wowote alioutunga yeye mwenyewe ni mali ya warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2063.